Bwawa Lililokatwa Vipande

Scholastica Nyangwine alikuwa fundi wa redio na mtandao katika kambi ya watalii upande wa Natta. Madereva wakishindwa kusikilizana na ofisi, aliitwa yeye. Mgeni akikosa intaneti, aliitwa yeye. Kwao ni Kenyamonta, lakini kwa ajili ya kazi alikuwa amepanga chumba na sebule pembeni ya kijiji, karibu na kijito ambacho kiangazi hukauka na kubakiza bwawa moja tu, dogo, ambalo ng'ombe wa majirani hunywea.

Mwaka huo mgeni mmoja aliyekuja kurekodi sauti za ndege alimwachia maikrofoni nne za kuzamisha majini. Zilikuwa zimechubuka, ila nzima. Scholastica akazitumbukiza bwawani, moja kila upande ikiwa imefungwa kwenye kigingi, akaziunganisha na kinasa sauti kilichotumia sola, akavaa spika za masikioni na kukaa ukingoni. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kujua bwawa lina sauti gani.

Lilikuwa na nyingi kuliko alivyodhani. Alisikia midomo ya ng'ombe ikivuta maji, mapovu yakipanda kutoka kwenye tope, wadudu wakikwaruza kama msasa. Kisha akasikia kitu kingine. Ko. Ko-ko. Mlio mkavu, kama mtu anabisha mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole. Kikapita kimya kirefu. Halafu ukaja mlio wa pili, mzito kidogo, kama unajibu.

Alivua spika akatazama. Maji yalikuwa yametulia, ng'ombe wameshaondoka.

Aliuliza watu. Jirani mmoja alisema ni chura, mwingine akasema ni kobe wa majini anagonga jiwe. Vicent, dereva aliyefanya naye kazi pale kambini, alisema ni mamba, ila alisema hivyo ili kumtisha. Hakuna jibu lililomkaa Scholastica. Akakiacha kinasa sauti kikirekodi karibu wiki nzima bila kuzimwa, akaihamishia rekodi yote kwenye diski moja ya nje, akaziunga sehemu zake ziwe faili moja. Kadi za kinasa zilikuwa mali ya kambi, kwa hiyo alizifuta na kuzirudisha.

Kulikuwa na mahali pamoja alipozoea kuuliza maswali ya namna hiyo. Kwenye Usenet, ule mtandao wa mijadala wa tangu zamani, kabla watu hawajazoea kurasa zenye picha, kulikuwa na kikundi cha watu wanaosikiliza maji: mito, maziwa, mabomba, barafu. Hawakuwa wengi. Usenet haina mwenyewe mmoja. Mtu huandika ujumbe kwenye seva yake, seva hiyo humpitishia jirani, jirani naye humpitishia jirani yake, mpaka ujumbe uwe umefika kila mahali. Scholastica alituma pale dakika tatu za bwawa lake na swali fupi: nani anajua hiki ni nini?

Aliyemjibu kwanza ni Anselmo, fundi wa simu mstaafu wa Montevideo, kule Uruguay. Anselmo alikuwa haoni tangu ujana. Alibaki kwenye Usenet kwa sababu ni maandishi matupu, na kompyuta yake iliweza kumsomea bila kukwama kwenye matangazo na vitufe.

"Nimesikiliza dakika zako tatu siku nzima," aliandika. "Hivi ni viumbe viwili, si kimoja. Lakini hapa umebana sauti, na ukibana sauti zile tofauti ndogo za muda kati ya maikrofoni moja na nyingine zinapotea. Nikiwa na rekodi yote kama ilivyotoka, bila kukatwa wala kubanwa, naweza kukwambia kila mlio umetokea wapi."

Ndani ya wiki hiyo watu wengine zaidi ya kumi wakaandika kwamba nao wanaitaka, kutoka nchi ambazo Scholastica alizijua kwenye ramani tu. Faili lilikuwa na gigabaiti kama mia sita.

Intaneti ya kambini isingeweza mzigo huo. Siku ya mapumziko akapanda bodaboda hadi Mugumu, diski ikiwa kwenye mkoba kifuani, akaenda moja kwa moja kwa Mama Jumaa.

Jina lake hasa lilikuwa Mwanamvua. Babu yake alikuja Mugumu kutoka Tanga akiwa fundi cherehani, na duka la babu ndilo sasa lilikuwa duka la Mwanamvua la kutengeneza kompyuta na kuchapa makaratasi. Lilikuwa na intaneti ya fiba. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, Mama Jumaa."

"Marahaba, Schola. Leo umeniletea nini kibovu?"

"Si kibovu. Ni kikubwa."

Alimsikilizisha ule mlio kwanza. Mama Jumaa aliweka spika masikioni, akafumba macho, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasubiri.

"Rudisha," alisema. Akasikiliza tena. "Kuna mtu anabisha hodi huko ndani."

"Ndicho tunachotafuta."

"Kwa nini usiitume diski yenyewe kwa posta?"

"Ninayo moja tu, na wanaoitaka ni wengi. Nikiipandisha Usenet mara moja, kila mmoja ataichukua kwake."

Mama Jumaa aliinua diski, akaipima mkononi. "Haya. Tuone huyo Usenet ana mlango wa upana gani."

Mlango ulikuwa mwembamba sana. Usenet iliundwa kwa ajili ya barua, wala hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atataka kupitishia bwawa zima. Ujumbe mmoja ukizidi ukubwa fulani, seva huukataa, na ukubwa wenyewe haufiki hata megabaiti moja. Maana yake faili la Scholastica lilipaswa kukatwa jumbe zaidi ya laki nane, kila moja ikiwa na namba yake, isafiri peke yake, kisha upande wa pili zipangwe na kuunganishwa upya.

"Lakini mzee wako amesema isikatwe," alisema Mama Jumaa.

"Sauti haikatwi. Zinazokatwa ni namba zake. Zikirudi mahali pake zote, ni ileile."

"Na zisiporudi zote?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Seva nyingine hupoteza jumbe njiani, na anayetuma hapewi taarifa. Kwa ajili hiyo kuna programu ya ukarabati. Unaipa faili, nayo inaligawa katika vipande, kisha inatengeneza vipande vingine vya akiba ambavyo havimo kabisa kwenye faili. Kipande chochote kikipotea, kipande chochote cha akiba kinaweza kukizaa tena.

Mama Jumaa alivua miwani. "Chochote? Hata kile ambacho hujakiona?"

"Hata hicho."

"Schola, mimi si mtoto. Kitu ambacho hakijanifikia nitakizaaje?"

Scholastica akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake namba tatu, na pembeni jumla yake. Kisha akafuta namba moja kwa kidole kilicholowa mate.

"Imepotea. Umebaki na mbili na jumla. Ile ya tatu ni ngapi?"

Mama Jumaa alikitazama kile kiganja kwa muda. "Sita," alisema taratibu. Kisha akakishika kile kiganja na kukigeuza, kana kwamba kuna kitu kimefichwa upande wa nyuma. "Kwa hiyo hiyo akiba si nakala. Ni jumla."

"Ni jumla za aina nyingi. Hesabu yake ni ngumu kuliko hii, lakini ndiyo."

Siku nzima waliifanya kazi hiyo, na alasiri programu ya ukarabati ikagoma. Haikuweza kukubali vipande zaidi ya elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane. Walijaribu kuidanganya kwa kila namna, ikakataa. Aliyeiunda ndivyo alivyoamua, na jumbe zao zilikuwa zaidi ya laki nane.

"Basi vipande viwe vikubwa," alisema Mama Jumaa. "Kila kipande kibebe jumbe ishirini na kitu. Vitatosha humo."

Ilionekana ni sawa. Wakafanya hivyo, wakaongeza akiba kidogo, wakaanza kupandisha. Scholastica alirudi Natta akaiacha kompyuta ya duka ikiendelea, mchana na usiku, huku Mama Jumaa akimtumia ujumbe wa simu kila umeme ukikatika na kurudi. Ilichukua siku kadhaa. Ilipokwisha, Scholastica aliandika kikundini kwamba bwawa liko hewani, akaweka na alama ya utambulisho ya faili, ule mstari wa herufi na namba ambao hubadilika wote hata kama kimebadilika kitu kidogo kiasi gani, ili kila mmoja ahakikishe alichopata.

Hakuna aliyeweza kuhakikisha chochote. Anselmo aliandika baada ya siku tatu. Kwenye seva yake zilikosekana jumbe elfu kadhaa, zimetawanyika kila mahali, moja hapa, moja pale.

"Si nyingi kati ya laki nane," aliandika, "lakini kipande chenu kimoja kina jumbe ishirini na kitu. Ikikosekana moja tu, kipande chote kimeharibika. Kwa hiyo vipande vibovu ni vingi mara kadhaa kuliko akiba mliyoweka. Programu inaniambia haiwezi."

Scholastica alilisoma jibu hilo akiwa ameegemea gari la Vicent. Hakukasirika. Aliona kosa lilipo, na kuliona kulimfurahisha kidogo. Kesho yake alikuwa dukani.

"Tulikosea mahali pamoja," alimwambia Mama Jumaa. "Tuligombana na kikomo kwa kukuza vipande. Tulipaswa kugawa mzigo. Tufanye mafungu thelathini. Kila fungu lina programu yake ya ukarabati na akiba yake. Fungu likiwa dogo, kipande kimoja kinakuwa ujumbe mmoja. Ukipotea ujumbe, umepoteza kipande kimoja, basi."

Mama Jumaa alikuwa ameshaanza kucheka. "Na mimi jana niliota mafungu ya nyanya. Nikajiuliza nyanya za nini."

Waliichomeka diski, wakaanza kutengeneza mafungu. Kazi hiyo ilihitaji kompyuta ifikiri kwa muda mrefu, kwa hiyo Scholastica akaiacha diski pale, akarudi kazini.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza. Mchana wa siku ya pili wingu lilijikusanya upande wa Tarime likaja haraka. Mama Jumaa alikuwa mlangoni akianua bango lake lisilowe, radi ilipopiga nguzo ya umeme iliyo ng'ambo ya barabara. Aliona mwanga ndani ya duka kabla ya kusikia kishindo. Alipoingia, palikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Ruta ilikuwa nyeusi upande mmoja. Kompyuta haikuwaka. Aliichomoa diski ya Scholastica akaijaribu kwenye kompyuta nyingine, kisha kwenye ya jirani. Haikuzunguka, haikulia, ilikuwa kama tofali.

Alipiga simu mwenyewe, hakumtuma mtu. "Schola, mwanangu, kaa chini kwanza," alisema, akaeleza.

Scholastica alikuwa juu ya ngazi akirekebisha antena. Alishuka, akakaa kwenye daraja la mwisho.

"Wewe umeumia?"

"Mimi mzima, alhamdulillah. Lakini kitu chako..."

"Bora wewe mzima," alisema Scholastica, na alimaanisha hivyo. Kisha akakata simu.

Hakwenda Mugumu wiki hiyo wala iliyofuata. Bwawa lilikuwa limejaa mvua, kijito kimeungana na kinatiririka, na hapakuwa na cha kurekodi mpaka kiangazi kingine, kama kiangazi kingine kingekuwa na mlio uleule. Vicent aliona anavyokula kimya.

"Ni sauti ya kitu tu, Schola," alimwambia. "Tena hata hukijui."

"Mura," alimjibu, kama vijana wa kwao waitwavyo, "ningekuwa nakijua ningeshasahau."

Aliandika kikundini mistari minne: diski imeungua kwa radi, nakala nyingine hana, anawashukuru, anaomba radhi. Alidhani hapo ndipo mwisho.

Jibu lilitoka kwa mwanamke mmoja wa Hokkaido, kule Japani, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiandika kuhusu barafu tu. Alikuwa amejaribu kuichukua rekodi kutoka kwenye seva ya kwao, naye akakwama kama Anselmo. Lakini hakuwa ameifuta. Alichouliza kilikuwa kifupi: "Jumbe zinazokosekana kwangu, ni zilezile zinazokosekana kwa Anselmo?"

Scholastica aliusoma mstari huo, akasimama. Kila ujumbe wa Usenet una jina lake lisilofanana na lingine lolote. Kama seva mbili zimepoteza jumbe tofauti, tundu la mmoja linazibwa na mwingine. Aliomba ruhusa ya nusu siku, akamkuta Mama Jumaa anauza kalamu na bahasha, kwa sababu kompyuta zake nyingi zilikuwa bado kwa fundi wa Musoma.

Mama Jumaa alipomwona, alianza kusema kuhusu kununua diski mpya. Scholastica akamshika mkono.

"Acha hiyo. Sikiliza. Bwawa halijafa. Limetawanyika."

Alimweleza. Mama Jumaa aliziweka bahasha juu ya meza.

"Kwa hiyo kama tungelituma vizuri," alisema, "wangeshalisikia, wangeshafuta. Wamekaa nalo kwa sababu ni bovu."

"Inawezekana. Sijui. Mimi nataka kujua matundu yao yamekaaje."

Kikundi chote kikaingia kazini. Anselmo aliandika programu ndogo iliyotoa majina ya jumbe alizokosa mtu, na kila mmoja akamtumia ya kwake. Watu kumi na mmoja walikuwa wamehifadhi kitu, kutoka seva saba. Wawili kati yao hawakuwahi kuandika neno kikundini. Walikuwa wasomaji wa kimya tu, sasa wakajitokeza. Aliyekuwa na ujumbe ambao Anselmo hana alimtumia, na kwa muda wa wiki tatu jumbe zilizokosekana zilipungua. Kila jioni Scholastica alifungua simu kuona Anselmo ameandika nini, na kila jioni Mama Jumaa alimpigia kuuliza kabla hajamaliza kusoma.

Matundu ya Hokkaido yalifanana kidogo sana na ya Montevideo. Ya mwalimu mmoja wa Ureno yalifanana na ya Anselmo karibu yote, kwa sababu seva zao, kumbe, zilikuwa zinanunua nafasi mahali pamoja. Jambo hilo liliwashangaza wote. Walidhani wako mbali, kumbe walikuwa wanachota kisima kimoja. Mmoja wa wale wasomaji wa kimya alikuwa na mfululizo mzima ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, kwa sababu seva yake ilikuwa ya chuo kidogo, ya kizamani, na haikuwa ikifuta chochote.

Mwishoni zilibaki jumbe mia mbili na kitu ambazo hazikupatikana popote duniani. Hizo hazikuwa zimefika kwenye seva hata moja. Labda zilipotea palepale Mugumu, umeme ulipokatika.

"Sasa mwambie atumie ile jumla," alisema Mama Jumaa kwenye simu.

Vipande vibovu vilivyobaki vilikuwa vichache kuliko akiba. Programu ya ukarabati ilifanya kazi kwenye kompyuta ya Anselmo siku mbili. Kisha akaandika ujumbe usio na salamu, wenye ule mstari wa herufi na namba peke yake. Scholastica aliuweka kando ya ule aliouandika mwanzoni, akapitisha kidole herufi kwa herufi. Ilikuwa ileile. Akaurudia tena kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu hakuyaamini macho yake.

Anselmo alilirudisha bwawa Usenet kwa mafungu thelathini. Safari hii lilishuka Mugumu bila shida, likaandikwa kwenye diski mbili. Moja ilikaa dukani, nyingine Natta.

Mwezi wa pili Anselmo akatuma alichogundua. Mlio mmoja ukifika kwenye maikrofoni nne, haufiki kwa wakati mmoja; unachelewa kidogo mno kwenye iliyo mbali. Kwa kuupima uchelewaji huo, mlio baada ya mlio, na kwa vipimo vya vigingi alivyotumiwa na Scholastica, aliweza kukokotoa ulikotokea. Wabisha hodi walikuwa wawili kweli. Hawakuhama hata mara moja wiki nzima. Na hawakuwa majini.

"Wako chini ya bwawa," aliandika. "Ndani ya tope, kwenye ukingo. Mmoja yuko hatua mbili kutoka maikrofoni ya tatu. Kadiri maji yalivyopungua, ndivyo walivyobisha kwa nadra zaidi. Mimi sijui ni nini. Ninyi mko hapo."

Walisubiri kiangazi. Septemba kijito kilipokauka, Scholastica alikwenda ukingoni na Vicent aliyebeba jembe, na Mama Jumaa aliyefunga duka siku hiyo, kitu ambacho watu wa Mugumu hawakukizoea. Vigingi vya maikrofoni vilikuwa bado vipo. Tope lilikuwa limepasuka mabamba, na maji yamebaki kidogo katikati.

Hatua mbili kutoka kigingi cha tatu palikuwa na tundu dogo, la kuingia kidole. Vicent aliinua jembe.

"Polepole, mura. Pembeni."

Alichimba kwa kuzunguka, kisha wakaendelea kwa mikono. Lilitoka bonge la tope gumu kama chungu, lenye lile tundu juu yake. Scholastica aliliweka mapajani akaanza kulibandua upande mmoja. Ndani yake palikuwa na ngozi nyembamba, ya rangi ya hudhurungi, kama karatasi ya kufungia sabuni, na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kilichojikunja, mkia umefunika kichwa.

"Kamongo," alisema Vicent. "Hawa samaki wako ziwani huko, maji yakikauka hujizika topeni, Wajaluo wanawapenda sana. Huku amefikaje?"

Kiumbe hakusogea. Kisha Scholastica alihisi vidoleni, kabla ya masikio kusikia: ko. Ko-ko. Ilitoka ndani ya bonge, kavu, kama mtu aliyeamshwa na hataki kuamka. Mama Jumaa alikunja gauni akapiga magoti kwenye tope, akasogeza sikio mpaka likagusa.

"Anabisha kwa kutumia nini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mdomo?"

"Sijui."

"Na yule mwenzake anamjibu nini?"

"Sijui, Mama Jumaa."

Vicent alisema kwamba kwa supu angetosha watu wanne, ila hata yeye alikuwa amelaza jembe chini. Scholastica alilirudisha bonge mahali pake, tundu likitazama juu, akalifukia kwa mikono na kulimwagia maji kidogo lishikane. Kule alikooneshwa na Anselmo kwamba yuko wa pili hawakuchimba. Walitazama tu, wakaliona tundu lake.

Jioni hiyo aliandika kikundini yale aliyoyaona na yale asiyoyajua, na yale ya pili yalikuwa marefu zaidi. Hakuweza kuthibitisha kwamba kamongo wa mwaka huu ndiye wa mwaka jana, wala kwamba hujibizana na mwenzake, wala kwa nini. Anselmo aliomba apewe picha kwa maneno: ngozi ilikuwaje, tundu lina upana gani, bonge lilikuwa na uzito wa nini. Mwanamke wa Hokkaido aliuliza kama wanabisha pia wakati ardhi imekauka kabisa na hakuna maji ya kupitisha sauti.

Hilo hata Scholastica hakuwa amelifikiria. Wiki iliyofuata alizichimbia maikrofoni kwenye tope, mbili kila upande wa lile tundu la kwanza. Mama Jumaa alikuja tena, akaleta chapati, akachukua spika kabla Scholastica hajamaliza kufunga nyaya.

"Kuna kitu?" aliuliza Scholastica.

Mama Jumaa aliinua mkono kumnyamazisha. Alijilaza ubavu kwenye nyasi kavu, mtandio ukiwa umemkinga jua usoni, na chapati zikapoa zikiwa zimefunikwa pale pembeni.